Mgongo wa Dagnija

Kazi yangu inaishia shingoni.
Miaka kumi na tisa hapa Riga, chumba cha tatu chini ya jukwaa,
nimezipaka nyuso poda hadi nikajua
nani hulala vibaya, nani amelia ndani ya tramu.
Miguu si yangu. Miguu ina walimu wake.

Mchezo ulikuwa wa mtu aliyetoka kifungoni
baada ya majira saba ya baridi,
na mke anayemfungulia mlango akiwa na ndoo mkononi.
Wawili tu, dakika tisa, fidla na filimbi,
na ndani ya dakika hizo lazima amtambue.
Baleti haina ulimi.
Ina kiwiko, ina kisigino, ina uso.

Vizma alimtambua upesi mno.
Mkono wa mume ulipomgusa kiuno, uso wote ukakunjuka,
nyusi juu, meno nje, bashasha ya mwenye duka,
ikapanda hadi roshani ya mwisho
wanakokaa wanafunzi wenye tiketi za bei rahisi.
Walimpigia makofi.
Bi Austra, anayefundisha akiwa ameketi kwa sababu ya nyonga,
akamwambia: Umemjua kabla hujamtazama.
Miaka saba, Vizma! Hata koti lako la mwaka jana
hulitambui haraka hivyo.

Jumatano ikawa zamu ya Dagnija.
Alikaa kwenye kiti changu, theluji bado nyweleni,
akasema: Usinipake wanja mwingi, sitautumia.
Nikanuna.
Kunikatalia wanja mimi
ni kama mgeni kukataa maji mlangoni.

Akacheza kwa uso mkavu.
Sisemi hana haya. Nasema ulikauka
kama ubao wa kukatia mkate.
Ilmars akamwinua, akamzungusha, akapiga goti,
akamtafuta kwenye uso ule
kama mtu anayepapasa swichi gizani,
asiipate.

Kisha filimbi ikabaki peke yake,
na Dagnija akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi:
akamwegemea Ilmars, akaupa ukumbi mgongo.
Watu mia tisa, na mbele yao pingili za uti,
na kifungo kimoja kinachoning'inia kwa uzi.
Ikawabidi wote wamtafute yeye
usoni kwa Ilmars.
Wakampata.
Kijana wa watu alitoa macho, kidevu kikamtetemeka,
akawa mtoto, akawa mzee, akawa mtu
aliyeitwa jina lake na mdomo uliokuwa umelisahau.
Mama mmoja, safu ya nne, akajiziba kinywa kwa glavu.

Pazia letu ni zito, hulivuta wanaume wawili.
Macho hayana pazia.

Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya kitambaa cheusi,
sifongo mfukoni, na katika jengo lile lote
ni mimi na Ilmars tulioiona midomo ya Dagnija.
Ilikuwa inasema, bila sauti, kwa hasira kidogo:
Mkono umeteleza. Shika chini.
Chini zaidi. Naanguka.

Basi. Ndicho kilichoufungua uso wa Ilmars.
Si mapenzi, si kifungo, si majira saba.
Jasho la kiganja.

Usiku, nikimfuta poda, nilimuuliza.
Alikuwa anafungua tepe za viatu,
damu ya kidole gumba imegandamana na soksi.
Hakuniangalia kwenye kioo.
Mume akirudi baada ya miaka saba, alisema,
unadhani mkewe anawaza maneno mazuri?
Anawaza: huyu mkono ataniangusha.
Halafu akaomba pamba nyingine.

Alhamisi ilikuwa ya Vizma tena.
Alifika mapema kuliko kawaida, akakaa,
akajitazama muda mrefu, akakunja ndita, akazikunjua,
akajaribu kuukausha uso, ukamkatalia.
Mwishowe akaniuliza, kama anayeuliza saa:
Jana, alipogeuka, uso wake ulikuwaje?

Nilichovya brashi.
Nikamwambia sikuona.
Alikuwa ametupa mgongo.